Sikukuu za Wayahudi: Zilivyoanza na Zilivyokua

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpanda, Jumatatu ya Pasaka. Yanachapishwa kwa ombi la wanachama.)



Mwaka jana tulikutana hapa siku ya Jumamosi, na yalitokea mambo mawili ambayo wengi wenu mnayakumbuka. La kwanza, wenzetu watatu Wasabato hawakufika mpaka jua lilipokwisha kuzama, nao wakakuta wali umekwisha. La pili, wakati wa chai ndugu yetu mmoja Mwislamu aliuliza swali. Alisema, "Sisi Idi yetu inafuata mwezi, na kila mwaka mnatucheka kwamba hatujui siku. Je, hii Pasaka yenu mbona nayo inahamahama? Inafuata nini?" Tulikuwa zaidi ya thelathini, wengine wetu tuna shahada mbili, wala hakuna aliyejibu. Ndipo Mwenyekiti aliposema, "Ofisa ushirika amekwenda Uganda akakaa na Wayahudi. Mwakani atatueleza."

Ndugu zangu, sikukaa na Wayahudi. Nilikuwa katika ziara ya kikazi ya siku chache tu, nami si mwanachuoni wa dini. Lakini tangu siku ile nimesoma kadiri nilivyoweza, maana mambo niliyoyaona huko yalinigusa mahali ambapo sikutegemea. Nitaanza na swali la ndugu yetu, kisha nieleze sikukuu na sala za Wayahudi zilivyoanza na zilivyokua, na mwisho nitasema neno moja linalotuhusu sisi wenyewe.

MWEZI NA SIKU

Jibu la swali ni fupi: Pasaka nayo inafuata mwezi. Pasaka ya Kikristo huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Msingi wake uliwekwa mwaka 325, Mtaguso wa Nikea ulipoamua Wakristo wote washike Jumapili moja. Lakini wazo la mwezi mpevu halikuanzia Nikea. Lilitoka kwa Wayahudi, ambao Pasaka yao ni tarehe 15 ya mwezi uitwao Nisani, yaani mwezi ukiwa duara kamili.

Zamani Wayahudi nao waliutazama mwandamo kama Waislamu. Mashahidi walikwenda Yerusalemu kueleza kwamba wameuona mwezi, wakahojiwa, na walipoaminiwa mioto iliwashwa juu ya vilima kupeleka habari mpaka Babeli. Baadaye, yasimulia mapokeo yao, wapinzani wakaanza kuwasha mioto ya uongo ili kuwachanganya watu, ndipo wakatumwa wajumbe badala ya mioto. Wajumbe hawakuweza kufika mbali kwa wakati. Basi Wayahudi waliokaa nchi za mbali, kwa kutokuwa na uhakika, walishika sikukuu siku mbili badala ya moja. Halafu mahesabu yakapangwa, na mapokeo yanasema kalenda ilikamilishwa katika karne ya nne baada ya Kristo. Shaka ikaisha, lakini siku ya pili haikufutwa. Mpaka leo Wayahudi wengi walio nje ya Israeli hushika siku mbili. Naomba mkumbuke jambo hilo: sababu imeondoka, lakini desturi imebaki.

Mwaka wa mwezi una siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani huzunguka majira yote. Wayahudi wao huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19, hata Pasaka isiache majira yake ya mavuno ya shayiri.

Na kuhusu wale wenzetu waliokosa wali: siku ya Wayahudi huanza jua linapozama, wala si saa sita ya usiku. Hilo kwetu Waswahili si geni. Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Sabato basi huanza Ijumaa jioni na kwisha Jumamosi jioni. Kamati imefanya vizuri mwaka huu kuchagua Jumatatu.

PASAKA KABLA YA HEKALU KUBOMOKA NA BAADA YAKE

Habari ya Pasaka imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12: mwanakondoo, mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, na watu wanaokula kwa haraka wakiwa tayari kwa safari. Wataalamu wengi wanaona kwamba hapo ziliungana sikukuu mbili za kale, moja ya wafugaji waliochinja mnyama wakati wa majira mapya ya malisho, na nyingine ya wakulima walioanza mavuno ya shayiri kwa kutupa chachu ya zamani. Juu ya hizo ikawekwa habari ya utumwa wa Misri na ukombozi. Zote mbili zikawa kumbukumbu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa sikukuu nyingine. Sikukuu ya Majuma, ambayo sisi Wakristo tunaijua kwa jina la Pentekoste, ilikuwa siku ya malimbuko ya ngano, siku hamsini baada ya Pasaka. Baadaye ikawa kumbukumbu ya kupewa Torati mlimani Sinai. Sikukuu ya Vibanda ilikuwa ya mwisho wa mavuno. Mtu wa Mpanda haitaji kuelezwa sana. Nani kati yetu hajalala katika dungu kulinda mpunga usiliwe na ndege, au mahindi yasimalizwe na nguruwe? Wayahudi nao walikuwa na vibanda vyao vya shambani. Torati ikavipa maana nyingine: kaeni humo siku saba, mkumbuke kwamba baba zenu walikaa vibandani jangwani. Mkulima akaendelea kukaa katika kibanda kile kile, ila sasa kilikuwa na habari ndani yake.

Katika enzi za Hekalu, Pasaka ilikuwa jambo la Yerusalemu. Watu walisafiri kutoka kila upande, wanakondoo wakachinjwa Hekaluni, na kila jamaa ikala nyama yake usiku. Kisha mwaka 70 Warumi wakaubomoa mji na Hekalu. Makuhani hawakuwa na kazi tena, madhabahu hakuna, na mwanakondoo hakuweza kuchinjwa. Kwa kila sababu ya kibinadamu Pasaka ilipaswa kufa pale.

Haikufa, kwa sababu walimu wao, yaani marabi, waliihamisha kutoka madhabahuni wakaiweka juu ya meza ya nyumbani. Kitabu cha sheria zao kiitwacho Mishna, kilichokamilika yapata mwaka 200, kinaeleza meza hiyo. Kuna vikombe vinne vya divai. Kuna mkate usio na chachu, mkavu kuliko chapati isiyotiwa mafuta. Kuna mboga chungu, mfano wa uchungu wa utumwa. Kuna mchanganyiko wa matunda, njugu na divai uliopondwa, ambao husemwa ni mfano wa udongo wa kufyatulia matofali ya Farao. Watu hula wakiwa wameegemea, kwa sababu wakati ule mtu huru ndiye aliyekula hivyo, na mtumwa alisimama. Mahali pa mwanakondoo ukabaki mfupa mmoja tu katika sahani, wa kutazamwa.

Lakini kitu kikubwa mezani si chakula. Ni swali. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huo hauko kama usiku mwingine: kwa nini mkate wa namna hii, kwa nini mboga hizi chungu, kwa nini tunachovya mara mbili. Wakubwa hawaruhusiwi kumnyamazisha. Wanatakiwa wamjibu kwa urefu, waanze na aibu, yaani utumwa, na wamalize na sifa, yaani uhuru. Mishna inaagiza kwamba baba amfundishe mtoto kwa kadiri ya akili yake. Na kila mtu ajione kuwa ni yeye mwenyewe aliyetoka Misri, si babu yake.

Kitabu cha kusomwa usiku huo, Hagada, kilikua polepole. Maneno mengine yalikuwa tayari zama za Mishna, mengine yaliongezwa Babeli katika karne ya tisa na ya kumi, na baadhi ya nyimbo za mwisho, za kuwafanya watoto wasisinzie, zilitoka Ulaya karne nyingi baadaye. Kila kizazi kilipokea na kuongeza.

Hanuka nayo inafundisha jambo hilo. Ni kumbukumbu ya mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo walipolitakasa Hekalu baada ya kumshinda mfalme wa Shamu. Habari hiyo imo katika vitabu vya Wamakabayo, ambavyo Wakatoliki wanavyo katika Biblia yao lakini Wayahudi hawanavyo katika yao. Na ile habari ya chupa moja ya mafuta iliyowaka siku nane haimo katika vitabu hivyo. Inapatikana katika Talmudi, karne nyingi baadaye. Na vile viazi vya kukaanga ambavyo Wayahudi wa Ulaya hula siku hizo haviwezi kuwa vya kale, kwa sababu viazi vilitoka Marekani baada ya Kolombo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, tumsikilize kwa heshima, kisha tumwulize mwanzo upi.

SALA

Sala zilipita njia ile ile. Ile kuu ya kukiri Mungu mmoja imetoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Lakini utaratibu wa kusali mara tatu kwa siku uliimarika Hekalu lilipokosekana. Marabi walibishana juu ya asili yake: wengine walisema uliwekwa na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wengine wakasema sala imesimama mahali pa sadaka za Hekaluni. Ile sala wanayoisali wima iliitwa "Kumi na Nane" kwa sababu ya idadi ya baraka zake. Ilipangwa mwishoni mwa karne ya kwanza, baada ya maangamizi, huko Yavne. Baadaye ikaongezwa baraka moja zikawa kumi na tisa, na jina likabaki Kumi na Nane!

Kwa muda mrefu hawakuwa na kitabu cha sala. Watu walisali kwa moyo. Katika karne ya tisa Wayahudi wa Hispania waliandika barua Babeli kuomba utaratibu, na mwalimu mkuu Amramu akawapelekea. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kamili cha sala zao kinachojulikana. Kilianza kama jibu la barua, kama mtu wa wilayani anavyoandika makao makuu kuomba mwongozo.

Nataja sala moja zaidi, iitwayo Kadishi. Imeandikwa kwa Kiaramu, lugha ya watu wa kawaida wa zamani, nayo zamani ilisemwa baada ya masomo ya dini. Katika karne za kati, huko Ujerumani, Wayahudi waliuawa kwa wingi na watu wa Vita vya Msalaba mwaka 1096, na vizazi vilivyofuata vikaifanya Kadishi kuwa sala ya wafiwa. Ukiisoma utashangaa: haitaji kifo hata mara moja. Ni sifa za Mungu tu, mwanzo mpaka mwisho. Na kuna sharti: mfiwa hawezi kuisema peke yake. Lazima wakusanyike watu wasiopungua kumi, naye aseme mbele yao, nao waitikie "Amina". Mtu mwenye msiba analazimika kutoka nyumbani kwenda kwa wenzake, na wenzake wanalazimika kuwapo.

Amina ndilo neno lile lile tunalolisema sisi, Wakristo na Waislamu. Pasaka, Haleluya, Hosana, Sabato, yote hayo asili yake ni Kiebrania. Kila juma tunakisema Kiebrania hapa Mpanda bila kujua.

WAYAHUDI WA MBALE

Sasa nije Uganda. Mwaka 2017 nilikwenda Mbale pamoja na maofisa wenzangu kutazama ushirika wa kahawa. Wengi hapa mnajua shida za vyama vyetu vya tumbaku. Tulikuwa tumesikia habari za chama kiitwacho Mirembe Kawomera, kilichoanzishwa mwaka 2004, ambamo Wayahudi, Waislamu na Wakristo wanauza kahawa pamoja. Niliposikia neno Wayahudi nilidhani ni wafadhili kutoka ng'ambo. Kumbe ni wakulima wa pale pale, weusi kama mimi, wanaosema Kiganda. Huitwa Abayudaya.

Habari yao inaanza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala Uganda ya mashariki, na aliyeujenga mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya ishirini. Alitegemea kupewa ufalme, hakupewa. Akafarakana na Waingereza. Alijiunga kwanza na madhehebu ya Malaki, yaliyokataa dawa za hospitali na kushika siku ya Jumamosi. Lakini aliendelea kuisoma Biblia ya Kiganda, akaona kwamba Torati inaagiza tohara. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Fikirini, ndugu zangu. Watu hawa hawakuwa na rabi, wala kalenda, wala Mishna. Walikuwa na kitabu tu. Kwa hiyo walianza mahali pale Wayahudi wa kale walipoanzia, yaani kwenye maandiko yenyewe. Sikukuu zilizoandikwa katika Torati waliweza kuzisoma. Sikukuu isiyoandikwa humo, kama Hanuka, haingeweza kuwafikia ila kwa kufundishwa na mtu. Wayahudi wa Uhabeshi nao, waliotengana na wenzao kwa karne nyingi, hawakuwa na Hanuka, lakini walikuwa na sikukuu yao wenyewe iitwayo Sigidi, ya kupanda mlimani kwa kufunga na kusoma Torati. Mwaka 2008 serikali ya Israeli iliifanya kuwa sikukuu ya taifa. Mgeni alifika na zawadi yake mkononi.

Yapata mwaka 1920 Myahudi mmoja mgeni aliyeitwa Yosefu alikaa na watu wa Kakungulu kama miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu na sheria za chakula, na wakaacha ubatizo. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928. Baada yake wengine walirudi katika Ukristo, wengine wakadumu, wakiimba Zaburi kwa Kiganda na kufundishana Kiebrania kidogo walichokuwa nacho.

Kisha Idi Amini akashika madaraka mwaka 1971. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi walibadili dini kwa hofu. Kutoka maelfu wakabaki mamia, wakisali kwa siri majumbani.

Jioni ya Ijumaa mwenyeji wetu alitualika katika sala, katika sinagogi jipya la kilima cha Nabugoye lililofunguliwa mwaka uliotangulia. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Marekani akahitimu mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Niliketi nyuma kabisa. Waliimba kwa Kiebrania na kwa Kiganda, na tuni zilikuwa za Kiafrika kabisa, mguu unatikisika wenyewe. Baada ya sala mzee mmoja akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie. Akaniuliza kama najua Pasaka ya mwaka 1979 ilianza lini.

Sikujua. Nilipofika hotelini nikatafuta. Jeshi letu la Wananchi, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliuteka mji wa Kampala tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Na jioni ya tarehe 11 Aprili, jua lilipozama, ndiyo iliyokuwa jioni ya kwanza ya Pasaka ya Wayahudi mwaka ule. Mwezi ulikuwa mpevu. Watu waliokula Pasaka kwa kujificha kwa miaka minane waliambiwa kwamba Farao wao amekimbia, na waliambiwa usiku ule ule ambao mtoto huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine. Katika jibu lao mtu wa Tanzania amo.

KARIBU ZAIDI NA HAPA

Msidhani mambo haya ni ya Wayahudi tu. Baadhi yenu mlikuja shule yetu kutoka Katumba na Mishamo. Wazazi wenu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mtafiti Liisa Malkki alikaa katika makazi ya Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986. Aliona kwamba akimwuliza mtu habari za maisha yake binafsi, mara nyingi alijibiwa habari za watu wote: tulikotoka, tulivyoteswa, tulivyotoka. Ilisimuliwa kwa mpangilio ule ule, mtu kwa mtu, kama somo. Waburundi waliokaa mjini Kigoma hawakuwa na masimulizi ya namna hiyo. Kila mmoja alitafuta kujichanganya na wenyeji. Tofauti haikuwa ya damu wala ya akili. Mishamo watu waliketi pamoja jioni na wakubwa walisimulia.

Tangu mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walipewa hati za uraia wa Tanzania. Ni jambo la kujivunia. Lakini namwuliza mwenzangu aliyezaliwa Katumba: mtoto wako anajua? Nawe Mbende au Mkonongo, mtoto wako anajua kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa nchi hii na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, hata vijiji vya babu vikawa pori? Sisi sote hapa tuna Misri yetu. Tatizo ni kwamba hatuna meza ya kuisimulia.

Nasema hivi kwa sababu ya baba yangu mdogo. Alikwenda vitani mwaka 1978 akiwa kijana, akarudi mwaka 1979, na mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Alikuwa na kikombe cha bati cha kijani alichorudi nacho, na hakuna aliyeruhusiwa kukitumia. Siku za kuwakumbuka mashujaa alikaa nje peke yake na redio yake. Sisi watoto tulikuwa tukiambiwa, "Mwacheni baba yenu, msimsumbue na maswali." Tukatii. Tulidhani huo ndio utii mzuri.

Niliporudi kutoka Mbale nilikuwa na jambo la kumwambia. Nilitaka kumweleza kwamba kuna mzee huko aliyenishika mkono, na mkono ule ulikuwa haki yake yeye, si yangu. Na nilitaka kumwuliza kama alifika Mbale. Lakini kulikuwa na bajeti, kukawa na ukaguzi wa vyama, nikasema nitakwenda likizo ya Desemba, kisha nikasema Pasaka. Alifariki Januari 2018. Kikombe ninacho mimi. Mwanangu aliniuliza juzi kikombe hiki ni cha nini, nikamwambia kilikuwa cha babu yake vitani. Akauliza, "Alifanya nini huko?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu Mwenyekiti, Wayahudi walipoteza Hekalu, wakapoteza nchi, wakatawanyika duniani. Sikukuu zao hazikudumu kwa sababu zilibaki kama zilivyokuwa. Tumeona zilibadilika kila zama. Zilidumu kwa sababu mtoto aliwekewa zamu ya kuuliza, na mkubwa akawekewa wajibu wa kujibu, na siku ikapangwa ambayo wote wawili hawawezi kuikwepa.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja, na naomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kuanzia mwakani, kabla ya chakula, kijana mdogo kuliko wote aliyekuja na mzazi wake asimame amwulize mzee mmoja kati yetu, au mwalimu wetu mmoja, swali moja juu ya alikotoka na aliyoyapitia. Mzee ajibu kwa urefu apendavyo. Asikatizwe, hata wali ukipoa. Wakristo, Waislamu na wasio na dini, hakuna atakayeudhika, kwa maana si sala. Miaka ya kwanza tutaona haya kidogo. Desturi zote huanza hivyo.

Na walimu wetu wawili walioketi hapa mbele wamepita umri wa miaka themanini. Naomba tuanze na wao, na ikiwezekana tusingoje mwakani.